Bado Inafikiri?

Debian 13, toleo la mfumo endeshi wa Linux, ilipotoka Agosti 2025 niliyapitia maelezo yake harakaharaka, nikitafuta yanayohusu kazi yangu. Mstari ulionisimamisha haukuwa wa kazi. Unasema, kwa ile lugha kavu ya watu wa mifumo, kwamba kompyuta za biti 32 za ukoo wa Intel, yaani zile za zamani, hazitengenezewi tena kerneli, kiini cha mfumo, wala kisakinishi. Miezi michache baadaye kivinjari cha Firefox nacho kikaacha kutoa matoleo ya Linux ya biti 32. Sidhani kama kuna wengi waliolia. Mimi pia sikulia, ila niliacha kusoma nikaenda kufungua droo.

Imo bado: Aspire One, kompyuta ndogo ya kubebwa, kioo cha inchi 8.9, prosesa ya Atom N270, RAM gigabaiti 1, na betri ya seli tatu ambayo siku hizi haishiki chaji hata ukiibembeleza. Sikuiwasha. Nilitazama tu vile vitufe vya padi ya kugusia, ambavyo badala ya kuwekwa chini yake vilibanwa kushoto na kulia, mpaka kidole gumba kikajifunza kutafuta pembeni. Nikamkumbuka mzee, baba yangu, na ile wiki aliyolazwa.

Nitayapita upesi ya ugonjwa. Mguu ulivimba, madaktari wakataka akae chini ya uangalizi, dada akachukua zamu ya mchana na mimi ya usiku. Kazini nilikuwa nimeachiwa programu ambayo mwenyewe aliyeiandika alishaondoka: inasoma faili la miamala, inaondoa rekodi zilizojirudia, inatoa ripoti. Mteja alilalamika kwamba mwisho wa mwezi inaganda. Sisi tuliijaribu kwa faili la mfano lenye rekodi kama 20,000, inamaliza kwa sekunde chache, tukamjibu lile jibu ambalo kila mwandishi wa programu amewahi kulitoa na kila mteja amewahi kulichukia: kwetu inafanya kazi.

Mashine ya kazini ilikuwa kubwa na ya kampuni, haikutoka ofisini. Usiku nilibeba hii ndogo kwa sababu inakaa kwenye goti moja. Msimbo ulikuwemo, na faili la mfano pia.

Kwa asiyewahi kufanyia kazi kwenye kioo cha pikseli 1024 kwa 600, ngoja niseme kidogo. Madirisha mengi ya mipangilio yalichorwa na watu wenye vioo virefu, kwa hiyo kitufe cha kukubali kilikuwa kinaangukia chini, nje ya kioo. Unashika Alt, unalikamata dirisha katikati, unalivuta juu mpaka kichwa chake kipotee ndipo miguu ionekane. Lakini kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, mambo yalibadilika. Fonti ya Terminus ya pikseli 6 kwa 12 ilinipa herufi 170 kwa mstari na mistari 50, maana yake faili mbili za herufi 80 zinakaa ubavu kwa ubavu na nafasi inabaki. Kihariri cha msimbo kilikuwa Vim, si kwa imani ya dini yoyote, bali kwa sababu vile vingine vikubwa vikifunguka RAM inakwisha na diski inaanza kusaga. Bill Joy aliiandika vi, mama yake Vim, katika miaka ya 1970 akihangaika na modemu ya polepole ya baudi 300, na ndiyo maana amri zake ni herufi mojamoja. Ukiwa na Atom unamwelewa vizuri sana.

Wodini kulikuwa na soketi moja karibu na kitanda, na hiyo haikuwa yangu. Intaneti haikuwepo. Muuguzi alipita mara moja, akaniomba nipunguze mwanga wa kioo, nikapunguza mpaka herufi zikabaki za kijivu. Mzee alikuwa amelala chali, mguu juu ya mito.

Nikaandika amri ya kuiendesha ile programu, nikabonyeza Enter. Kishale kikashuka mstari mmoja, kikatulia.

Mwanzoni sikushangaa. Atom ile haikuwa na uwezo wa kuruka zamu kama prosesa kubwa: maagizo hutekelezwa kwa foleni, na mmoja akisimama dirishani kusubiri data kutoka RAM, wote walio nyuma yake nao husimama. Intel waliitengeneza ili itumie umeme kidogo, wati 2.5 kwa juu kabisa, na mwendo ndio uliolipa gharama hiyo. Nikasubiri. Feni ndogo ikaanza kuvuma. Nikamtazama mzee, nikatazama dripu, nikatazama asilimia ya betri, nikarudi kwenye kishale. Palepale.

"Bado inafikiri?"

Kumbe alikuwa macho. Sauti yake ilikuwa ya usingizi lakini jicho moja lilikuwa wazi, linatazama kioo kwa pembeni.

"Bado, baba."

"Inafikiri nini muda wote huo?"

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Mzee hakuwa mtu wa kompyuta, na swali lake halikuwa la kitaalamu, lakini lilikuwa swali lenyewe hasa, na ofisini hakuna aliyekuwa ameliuliza. Tulikuwa tumeuliza kwa nini seva ya mteja ni mbovu. Tulikuwa tumeuliza kama mteja ana virusi. Inafikiri nini?

Basi nikamuuliza mhusika. Nikabonyeza Ctrl na C, vitufe vya kuikata programu. Python, lugha iliyoandikiwa programu ile, ukiikata hivyo hufa ikitaja mahali ilipokuwa: jina la faili, namba ya mstari, na mstari wenyewe. Ulikuwa huu, unaouliza kama namba haimo kati ya zilizokwisha kuonekana:

if namba not in zilizoonekana:

Nikairusha tena, nikaiacha kidogo, nikaikata. Mstari uleule. Nikaiacha zaidi, nikaikata. Uleule. Ukimfumania mtu kila saa mahali pamoja, huna haja ya kumwekea mpelelezi. Python ina vyombo rasmi vya kupimia, cProfile kimojawapo, lakini chenyewe hupima kwa funksheni nzima, yaani kipande kizima cha msimbo chenye jina lake, si kwa mstari, na programu hii ilikuwa funksheni moja ndefu isiyo na aibu. Kingeniambia kitu nilichokwisha kukijua, tena kikizidi kuichelewesha mashine.

Kwenye mashine ya ofisini nisingeweza hata kuufanya mchezo huu. Kabla vidole havijafika kwenye Ctrl, ripoti imeshatoka.

Kilichokuwa kinatokea ni kitu cha darasa la kwanza, na wala simlaumu aliyekiandika, kwa sababu kwa faili alizokuwa nazo siku zile kilitosha. Zilizoonekana ilikuwa orodha ya kawaida. Ukiiuliza orodha kama ina namba fulani, inaipekua kuanzia ya kwanza, moja baada ya nyingine, mpaka iipate au ifike mwisho. Orodha nayo inarefuka kila rekodi mpya inapoingia. Kwa rekodi 20,000 zisizofanana hiyo ni milinganisho kama milioni 200, na mashine kubwa inaimeza bila kukohoa. Faili la mteja la mwisho wa mwezi lilikuwa kubwa mara kumi, na hapo kazi haiongezeki mara kumi, inaongezeka mara mia: milinganisho bilioni 20. Seva yake haikuwa imeganda. Ilikuwa inahesabu kwa uaminifu mkubwa.

Betri ilikuwa imeshashuka, kwa hiyo nilisoma kwanza kabla ya kugusa. Kuibadili orodha iwe seti lilikuwa jibu rahisi, kwa kuwa seti haipekui. Inakokotoa hashi ya namba, aina ya anwani yake, na kwenda moja kwa moja mahali pake. Ila chini kabisa ya faili niliona ripoti inaitumia ile orodha kwa mpangilio wake, na seti haitunzi mpangilio. Ningeibadili kwa pupa, mteja angepata ripoti ya haraka iliyovurugika. Nikaviacha vyote viwili, orodha kwa ajili ya mpangilio na seti pembeni kwa ajili ya swali. RAM ingeliwa zaidi kidogo. Nikaangalia kwa free -m, amri inayoonyesha RAM iliyobaki; nafasi ilikuwepo.

Enter. Kishale hakikupata hata muda wa kutulia.

"Imemaliza," nikasema.

Mzee akafungua jicho la pili. "Mapema hivyo? Umeiangalia vizuri? Isije ikawa haijafikiri kabisa."

Nikailinganisha ripoti mpya na ya zamani kwa diff, amri inayotaja tofauti za faili mbili. Haikutoa chochote, na diff ikinyamaza ndiyo furaha yenyewe. Nikamwonyesha kioo kitupu kama ushahidi. Akakitazama kwa muda, akasema nilale, nilikuwa naanza kumwonyesha vitu ambavyo havipo.

Mengine ni mafupi. Mzee alitoka wodini akitembea, mteja alinyamaza, na wateja wakinyamaza ndiyo shukrani. Kazini waliuliza nimeligunduaje, nikajibu kwamba nilikuwa na mashine mbovu, wakacheka, na baada ya muda wakaninunulia nzuri zaidi, kana kwamba nilikuwa nimelalamika.

Sasa, kuna hadithi tamu ambayo watu wa fani yetu hupenda kusimuliana, kwamba mashine dhaifu humfanya mtu mwandishi bora wa programu. Naikaribia, halafu nasita. Mashine hiyohiyo ilinilia masaa yasiyohesabika. Kulikuwa na mradi wa lugha ya C++ nilioupenda, nikauacha kwa sababu hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande ilikuwa inaimaliza RAM yote, diski inaanza kusaga, hata kishale cha kipanya hakisogei. Sikujifunza lolote pale, nilichoka tu. Na usiku ule wa wodini sijui hata ni kipi kilinisaidia: Atom, kukosekana kwa intaneti, betri, au mzee aliyeuliza swali la kijinga kwa wakati mzuri.

Nimewahi kujaribu kuurudisha ule uchelewaji kwa makusudi. Nilitumia amri ya cpupower kuifunga prosesa ya mashine yangu ya sasa kwenye mwendo wake wa chini kabisa, nikaapa kuiacha hivyo. Kiapo kilidumu mpaka nilipokasirika mara ya kwanza, kwa sababu kuifungua ni amri moja, na vidole vinaijua.

Juzi kijana tunayefanya naye kazi alinionyesha programu yake. Inakwenda, imepita majaribio yote, inamaliza kabla hujapepesa. Nikamwambia achukue faili lile la majaribio, alizidishe mara kumi, namba zisirudiwe, kisha airushe tena na aikate katikati.

"Kwa nini niikate wakati inafanya kazi?"

Nilianza kumweleza habari za orodha, nikaona uso wake, nikaacha. Nikamwambia aikate tu, aone inafikiri nini. Alinitazama kwa heshima, ile anayopewa mtu mzima anayezungumza na vyombo vya jikoni, akasema atajaribu baada ya chakula. Sijui kama alijaribu.