Kumbukumbu ya mradi: pendulamu ya nati na urefu unaobadilika kimyakimya

Hatimaye jaribio la pendulamu (uzani unaobembea kwenye uzi) la Kidato cha Kwanza limekaa sawa. Nati moja na nati tano zinatoa jibu lilelile: sentimita 50 kutoka pale uzi ulipobanwa hadi katikati ya nati, bembeo 20 (kila moja kwenda na kurudi) kwa takriban sekunde 28.4.

Kilichosumbua muda wote ni mnyororo. Mwambie mwanafunzi achunguze kama uzito unabadilisha muda wa bembeo, naye atafunga nati ya pili chini ya ile ya kwanza, ya tatu chini ya ya pili, kisha ataandika kwa uhakika kwamba uzito unachelewesha. Na vipimo vyake ni vya kweli! Nati tano zenye upana wa sentimita 2, zikifuatana hivyo, zinashusha kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote unapolingana, kwa sentimita 4. Pendulamu ya 50 imeshakuwa ya 54, na bembeo 20 zinafika sekunde 29.5. Vigeu viwili, uzito na urefu, vimebadilika, jedwali linaonyesha kimoja.

Chupa ya maji ya nusu lita, ikining'inizwa badala ya nati, inafanya kinyume. Ikiwa nusu, kitovu kiko chini; ikijaa, kinapanda, pendulamu inafupika na muda unapungua.

Tiba ni ndoano ndogo ya waya laini, nati zote ziingie humo ubavu kwa ubavu. Uzi usizungushiwe msumari, maana unajiviringisha na kujiachia kila bembeo. Ubanwe kati ya vipande viwili vya mbao vyenye kingo zilizonyooka. Uzi wa cherehani siupendi hata kidogo, unajisokota na nati zinazunguka kama pia. Mshipi mwembamba wa kuvulia ni bora zaidi, ila fundo lake huteleza: kaza mara tatu, ning'iniza nati zote kwanza, ndipo upime urefu.

Saa ya simu inatosha kabisa. Kinachoharibu ni kuhesabu. Anayesema "moja" pale anapobonyeza saa atapima bembeo 19 na kupata sekunde 27, kosa kubwa kuliko lile la mnyororo. Aanze na "sifuri", na abonyeze uzi unapopita mbele ya alama ya chaki katikati, mahali unapokwenda kasi. Kule mwisho unakogeuka unasitasita, na kila jicho linaona wakati wake.

Mpango ulikuwa kuendelea na grafu ya urefu na mraba wa muda, tupate g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Nimeiweka kando, kwa sababu mnyororo na chupa vimegeuka kuwa somo lenyewe. Kundi moja lipewe nati bila ndoano, jingine lipewe chupa, kila kundi liandike nadharia tete yake, yaani matokeo linayoyatarajia, kabla ya kugusa chochote. Matokeo yakiandikwa ubaoni, moja linasema uzito unachelewesha, jingine unaharakisha. Mwalimu anyamaze. Awape rula tu na swali moja: nini kingine kimebadilika? Wakiomba wenyewe kurudia jaribio, ndipo awape ndoano. Kuwapa ndoano mapema kunawapa jibu sahihi na kuwanyima sababu ya kulihitaji.

Sasa kuna la Galileo, mwanasayansi wa Italia, linalovutia kuliko g. Yeye alishikilia kwamba bembeo pana na nyembamba huchukua muda sawa. Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, katika kitabu chake cha 1673, alionyesha kwamba si hivyo kamili. Darasa linaweza kuwaamua. Ukiachia kwa pembe ya nyuzi 10, bembeo 5 za pendulamu hiyohiyo ni sekunde 7.1, ukiachia kwa nyuzi 60, ni kama 7.6. Zisizidi 5, kwani bembeo pana husinyaa upesi na tofauti inapotea. Nusu sekunde iko karibu na makosa ya kidole, kwa hiyo kila pembe irudiwe mara kumi na kuchukuliwa wastani. Uzi usilegee wakati wa kuachia, na nati zote tano ziwe kwenye ndoano, maana nati moja hupunguzwa kasi na hewa mapema zaidi.