Safari ya Rosine, Alikotoka Bill Monroe

Hakuna basi liendalo Rosine. Kijiji hicho cha Kentucky, ambacho wapenzi wa bluegrass, muziki wa vijijini wa Marekani unaopigwa kwa banjo, fidla, gitaa na mandolini, wanakijua kwa jina hata wasipowahi kukanyaga nchi hiyo, kimekaa kando ya barabara namba 62, na asiye na gari hana njia ila kumtafuta mtu wa kumpeleka. Nilipatana na dereva mmoja mjini Owensboro kwa dola 90, kwenda na kurudi, fedha ambayo ingenitoa Morogoro hadi Mwanza, ikanirudisha, na chenji ikabaki. Alikubali kunisubiri hadi saa tatu usiku. Tulipofika alidai alipwe yote kwanza, nikamlipa. Nilipotoka makaburini nilikuta ameshaondoka, na simu yake inaita tu bila kupokelewa.

Nilikuwa nimefikia kwa dada yangu huko Bowling Green, mji ambao wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi wamepewa makazi, na ambako Kiswahili husikika madukani na makanisani. Dada ameolewa na mtu wa Uvira anayefanya kazi ya usiku kiwandani. "Shemeji, ile ni muziki ya wazungu wa ku mashamba," aliniambia, "utaenda kutafuta nini kule?" Nilimjibu kwamba mimi ni mpiga gitaa, kwamba nimekulia katika mji uliojulikana nchi nzima kwa sababu ya bendi zake, na kwamba nilitaka kuona kwa macho yangu mahali alikotoka Bill Monroe, mtu ambaye bendi yake, Blue Grass Boys, iliupa muziki mzima jina lake.

Mji wa Nashville, kitovu cha muziki wa country, naupita haraka, maana ulinikamua. Kulaza kichwa katikati ya mji ni gharama ya kutisha, na hata kuegesha gari kwa saa chache watu hulipa fedha ambayo kwetu ni mlo wa familia. Hata hivyo siwezi kuacha kuutaja ukumbi wa Ryman, uliojengwa kama nyumba ya ibada na kufunguliwa mwaka 1892, ambao hadi leo una mabenchi ya mbao kama ya kanisani. Hapo ndipo kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kilirushwa kuanzia mwaka 1943 hadi 1974, na hapo, mwezi Desemba 1945, kijana aitwaye Earl Scruggs alipanda jukwaani na banjo lake kwa mara ya kwanza pamoja na Bill Monroe. Katika jumba la makumbusho ya muziki wa country niliiona mandolini ya Monroe, chombo kidogo cha nyuzi nane, aina ya F-5 ya kampuni ya Gibson ya mwaka 1923, aliyoinunua katika duka la kinyozi huko Miami kwa dola 150. Mwaka 1985 mtu aliingia nyumbani kwake akaivunjavunja kwa chuma cha kuchochea moto, na fundi wa Gibson akakaa miezi kadhaa akiunganisha vipande kimoja kimoja. Niliinamia kioo nikitafuta nyufa, nami sikuziona isipokuwa mikwaruzo ya kawaida ya chombo kilichofanya kazi.

Owensboro ilinipendeza zaidi, kwanza kwa makumbusho yake mapya ya bluegrass yaliyofunguliwa mwaka 2018 karibu na mto Ohio, na pili kwa chakula. Watu wa mji huo wanachoma kondoo, jambo ambalo sikulikuta kwingine kokote katika safari hii, na wanaichoma nyama polepole juu ya moshi wa kuni hadi inajichambua yenyewe. Bei yake ilikuwa ya haki.

Sasa nirudi Rosine. Kabla ya kunikimbia, yule dereva alinipeleka kwenye nyumba ya akina Monroe iliyoko kwenye kilima cha Jerusalem Ridge, nyumba ya mbao ya watu wa kawaida iliyokarabatiwa mwaka 2001. Bill alizaliwa kilimani hapo Septemba 13, 1911, akiwa wa mwisho kati ya watoto wanane, mwenye macho yenye kasoro na aibu nyingi. Kaka zake walikuwa wameshachukua fidla na gitaa, kwa hiyo yeye aliachiwa mandolini, tena akaamriwa aifunge nyuzi nne tu kati ya nane ili asiwapigie kelele. Mama alifariki mwaka 1921, baba mwaka 1928, na kijana akahamia kwa mjomba wake Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa ngoma za vijijini, ambaye kaburi lake nalo liko Rosine, si mbali na mnara mrefu wa jiwe ulio juu ya kaburi la Bill. Juu ya kaburi la Bill wageni wameacha sarafu za senti 25, kwa sababu Bill alikuwa na desturi ya kuwagawia watoto sarafu za namna hiyo.

Basi nikashuka makaburini, gari halipo, jua linazama, nami ni mgeni mweusi peke yangu katika kijiji ambacho nyumba zake unazimaliza kwa kutupa jicho mara moja. Sikuficha hofu yangu nilipoongea na dada kwa simu. Shemeji alikuwa zamu hadi alfajiri. Kilichobaki ni banda la mbao ambako kila Ijumaa jioni, katika miezi ya joto, watu hukusanyika kupiga muziki bila kiingilio. Nilisimama mlangoni. Mzee mmoja aliyekuwa anakaza nyuzi za banjo alinitazama, akasogeza kiti cha chuma kwa mguu wake, akanionyesha nikae.

Alikuwa mchimba makaa ya mawe mstaafu, na ngozi ya mikono yake ilikuwa na madoa madogo ya buluu ya vumbi la makaa lililoingia kwenye majeraha ya zamani. Nilipomweleza kisa cha dereva alitikisa kichwa kwa hasira ya kweli, akaniambia nisiwaze juu ya kurudi, kisha akaniuliza kama napiga chombo. Niliposema gitaa, alivua kucha za chuma alizovaa kwenye vidole viwili na ile ya plastiki ya dole gumba, akazivisha upya polepole ili nione. Vidole vitatu hivyo kwa kawaida havipigi kwa pamoja. Vinafuatana, dole gumba likirudi tena na tena kwenye uzi mfupi wa tano ambao sauti yake haibadiliki, na sauti za nyimbo zinatokeza katikati ya mzunguko huo. Kwa mwendo wa pole nilizihesabu noti zote. Alipoongeza kasi nilipoteza hesabu, nikabaki nasikia mvua tu ikinyesha juu ya bati.

Nilimwambia kwamba banjo ni mtoto wa vyombo vya Afrika Magharibi vya kibuyu na ngozi, vilivyovuka bahari pamoja na watumwa. Alijibu kwamba analijua hilo, akanitajia Arnold Shultz. Huyo alikuwa Mmarekani mweusi wa wilaya hiyohiyo, mchimba makaa naye, mpiga gitaa na fidla ambaye Bill Monroe alipiga naye kwenye ngoma za vijijini alipokuwa kijana, na ambaye alifariki mwaka 1931 bila kurekodi hata wimbo mmoja. Monroe mwenyewe alimtaja mpaka uzeeni kama mmoja wa waliomjenga.

Mzee aliikumbuka historia ya bendi kama mtu anavyokumbuka ukoo wake. Bill na kaka yake Charlie walitengana mwaka 1938. Bendi mpya ya Bill ikapokelewa Opry mwezi Oktoba 1939. Kati ya mwaka 1945 na 1948 kikosi kilikuwa na Lester Flatt kwenye gitaa, Scruggs kwenye banjo, Chubby Wise kwenye fidla na Howard Watts kwenye besi, na hicho ndicho kikosi kilichorekodi "Blue Moon of Kentucky" mwaka 1946, wimbo ambao Elvis Presley aliurudia mwaka 1954 katika santuri yake ya kwanza. Walizunguka wiki nzima kwa gari la Chevrolet lililorefushwa, wakipiga ndani ya hema walilolisimika wenyewe, wakicheza besiboli na vijana wa kila mji, na Jumamosi lazima wawe wamerudi Nashville kwa ajili ya redio. Mwaka 1948 Flatt na Scruggs walichoka, wakaondoka wakaunda bendi yao, na Monroe akaacha kusema na Flatt kwa zaidi ya miaka ishirini. Mzee alikuwepo Bean Blossom, Indiana, mwaka 1971, kwenye tamasha la Monroe, watu hao wawili waliposhikana mikono. Alisema watu wazima waliokuwa karibu naye walilia, na alipokuwa ananisimulia nilimwona naye macho yakilowa.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipohamia nyumbani. Zaidi ya wanamuziki 150 walipita katika Blue Grass Boys hadi Monroe alipofariki Septemba 9, 1996, na wengi walitoka wakaanzisha bendi zao. Sisi mambo hayo tunayajua. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, na mashabiki wakagawanyika. Januari 1979 ajali ya gari nchini Kenya ikamchukua akiwa bado kijana. Nyimbo zake bado zinapigwa redioni, lakini mimi niliyekulia Morogoro sijawahi hata siku moja kupelekwa na mwalimu au mzazi mahali nikaambiwa, hapa ndipo walipofanyia mazoezi. Rosine ni kijiji kidogo kuliko mtaa wetu, na kimetunza nyumba, makaburi, banda na Ijumaa yake. Jambo hilo liliniuma kuliko dola 90.

Saa nne usiku mzee alifunga banjo lake kwenye sanduku akanipeleka Beaver Dam, ambako kuna nyumba ya wageni karibu na barabara kuu. Alikataa kabisa fedha ya mafuta. Chumba kilikuwa ghali, kinanuka sigara, na asubuhi hapakuwa na chai, ila shemeji alifika akitokea zamu yake, nami nikamsimulia njia nzima hadi Bowling Green. Aliniuliza kama yule mzee anaweza kumpokea na yeye, kwa sababu baba yake alikuwa mpiga gitaa kule Uvira. Nikampa namba ya simu. Mimi nimeshamwandikia kaka yangu Morogoro anitafutie wazee waliobaki wa bendi zetu, mmoja baada ya mwingine, awaulize walifanyia mazoezi nyumba gani na mtaa gani, na aandike majina yao yote.