Hatimaye king'ora cha moshi kimenyamaza usiku

Kwa wiki tatu king'ora cha moshi katika duka langu la wanyama wa kufugwa kilikuwa kikilia usiku wa manane, bila moshi wala moto. Ndege wanashtuka gizani, wanajigonga kwenye nyavu. Asubuhi nakuta manyoya chini na bawa lenye damu.

Nilibadilisha betri. Nikanunua king'ora kipya, nacho kikaanza yaleyale. Kukizima sikuthubutu: mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Siku moja, nikiwa juu ya ngazi, nikapitisha kidole kwenye matundu yake. Kikatoka cheupe, kama nimegusa unga. Kumbe kasuku wenye kishungi hutoa poda kwenye manyoya yao, na king'ora kinachotumia mwanga hakitofautishi poda na moshi. Nami nilikuwa nimekifunga juu ya vizimba vyao hasa!

Nikakisafisha kwa mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini (usipulize kwa mdomo, utaisukuma poda ndani), nikakihamishia katikati ya dari, mbali na vizimba na feni, kisha nikabonyeza kitufe cha majaribio. Sasa nakifyonza kila Jumamosi, na ndege nimewaachia taa hafifu. Mwezi wa pili huu, kimya.