Mama Wasio na Mikono

Mwalimu alipita na kisahani, akatuwekea kila mmoja korosho moja kiganjani. "Msile kwanza," akasema. "Itazameni kama mtu ambaye hajapata kuona korosho tangu azaliwe."

Tulikuwa watu 11, wote wenyeji wa Mtwara na Lindi. Ilikuwa Novemba 2015, msimu wenyewe, mabibo yameoza chini ya mikorosho na harufu yake ya uchachu inakufuata hadi ndani ya daladala. Kumwambia mtu wa kwetu aitazame korosho kama mgeni ni kumwambia mvuvi aonje maji ya bahari kama hajui chumvi. Lakini hiyo ilikuwa siku ya pili ya mafunzo, na tulishaanza kumwamini mama yule.

Alikuwa ametoka Dar es Salaam kuja kutufundisha uandishi wa hadithi kwa siku tatu, Mikindani, mwendo wa kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Tulikaa katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kuta nene, sakafu ya baridi. Dirisha moja lilitazama ghuba, na ukitoka mlangoni unaliona boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, jeupe juu ya mwinuko. Nilitarajia tungefundishwa wahusika, migogoro na namna ya kufunga hadithi. Siku ya kwanza yote alitufundisha kukaa.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya neno la rafiki. Nilikuwa naandika tangu sekondari, na madaftari yangu yalijaa bahari: bahari inayolia, bahari inayonong'ona, mwezi unaooga majini. Nilimpa rafiki yangu asome hadithi nne. Alizirudisha baada ya wiki, akaniambia, "Ndugu yangu, unaandika vizuri, ila wewe mwenyewe sijakuona humu." Lilinikaa kooni neno hilo miezi mitatu.

Basi siku ile ya kwanza tukaketi kwenye mikeka, migongo wima, macho yameinama. Kazi ilikuwa kuhesabu pumzi zinapotoka, moja hadi kumi, kisha kuanza tena. Ukipotea, unarudi kwenye moja bila kujigombeza. Na kabla ya kurudi unalitaja kimoyomoyo lile lililokuchukua: kupanga, kukumbuka, kuhukumu. Asubuhi nzima sikufika kumi hata mara moja. Nikifika nne tu, nakuta nimeshaanza kutunga sentensi kuhusu ile ghuba. Nikajitajia: kutunga. Nikarudi kwenye moja. Mbili, tatu, kutunga. Sikuwa nimewahi kujua kwamba kichwa changu hakikai na kitu hata kwa pumzi nne kabla ya kukivisha maneno.

Mzee mmoja kutoka Lindi, mwalimu mstaafu, aliuliza swali ambalo nadhani wengi tulikuwa nalo. "Mwalimu, samahani. Hii si ibada ya watu wengine?" Hakukasirika. Alikiri kwamba kuhesabu pumzi namna ile kumetoka kwa Mabudha, ila yeye alikuwa anatuazima zoezi tu, wala hakutuomba tuache kilicho chetu. Kisha akamuuliza mzee: anaposwali, moyo wake unakuwa wapi? Mzee akanyamaza kitambo. "Ndiyo hapo penye kazi," akasema. "Sisi tunafundishwa kuhudhurisha moyo. Khushui. Unaweza kumaliza rakaa nne na moyo uko sokoni." Tangu hapo hakuuliza tena, na yeye ndiye aliyekaa kimya kuliko sisi sote.

Sasa ile korosho.

Zoezi lenyewe asili yake ni zabibu. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya utulivu kwa wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, huwapa watu punje ya zabibu kavu, waiangalie, waishike, wainuse, ndipo waile polepole. Mwalimu alisema Mikindani zabibu ingekuwa mgeni, akaona atupe kitu tunachodhani tunakijua.

Nikaitazama. Ilikuwa imepinda kama figo ndogo, rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo. Kwenye mbonyeo wake palikuwa na kipande cha gamba jembamba la kahawia ambacho mbanguaji hakukimaliza kukitoa. Nikakigusa kwa kucha. Kilikuwa kimeng'ang'ania hapo padogo, upana wa punje ya mtama. Nikainusa, na chini ya harufu ya chumvi nikakuta moshi kwa mbali.

Moshi ule ndio ulionichukua. Nilikuwa nimejiandaa kusema kimoyomoyo "kukumbuka" na kurudi. Sikurudi.

Niliona uani kwetu Chikongola. Mafiga matatu, na juu yake kipande cha debe kilichotobolewa matundu. Mama anakoroga korosho kwa mti mrefu huku amegeuza uso pembeni, kwa sababu mafuta ya ganda yakichemka hushika moto na moshi wake unachoma macho. Anazimwaga chini, anazifukia kwa mchanga ili moto uzimike. Zikipoa anakaa kwenye kigoda na kuanza kubangua, jiwe mkono wa kulia, korosho inasimamishwa kwa vidole viwili vya kushoto. Ta. Ganda linafunguka. Punje ikitoka nzima inakwenda kwenye ungo, ikivunjika inakwenda kwenye bakuli, maana bei si moja. Mafuta yale yanakula ngozi. Wabanguaji hujipaka majivu ili yasiwashike sana, lakini yanawashika. Vidole vya mama vilikuwa vyeusi hadi fundo la pili, na nchani ngozi ilibabuka, ikaota mpya, ikababuka tena, mpaka ile michirizi ambayo kila binadamu anayo haikuonekana vizuri.

"Andikeni," mwalimu akasema. "Dakika kumi, kalamu isiinuke."

Nikaandika jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nikiwa darasa la tano, mwezi wa sita, wazazi waliitwa shuleni kuchukua matokeo yetu. Mama alikuja. Mwalimu wa darasa akamsogezea daftari na kalamu: "Mama, weka sahihi hapa." Nikaiona mikono ile ikitoka chini ya khanga, ikielekea kwenye ile karatasi nyeupe, mbele ya wenzangu. Nikaidaka kalamu. Nikasema, "Mwalimu, mama yangu hajui kuandika. Nitamwandikia mimi."

Mama alikuwa anajua kuandika. Alisoma ngumbaru kijijini kwao Newala, katika miaka ile baada ya 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alikuwa akimwandikia barua kaka yake aliyekuwa Nachingwea, akinisomea kwa sauti kabla ya kuzifunga. Siku ile alinitazama, akairudisha mikono ndani ya khanga, akasubiri niandike jina lake. Tulipokuwa tunarudi alininunulia ming'oko ya kuchemsha njia panda. Hakusema kitu, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Mwalimu alisema dakika zimekwisha. Mimi niliendelea. Korosho ilikuwa bado iko kwenye kiganja cha kushoto, imelowa jasho.

Usiku ule, nyumbani kwangu, niliyatoa madaftari yote. Katika hadithi zangu akina mama walikuwa wengi: mama anayengoja jahazi, mama anayelia msibani, mama anayeimba. Nikawasoma mmoja mmoja kwa taa. Walikuwa na macho, walikuwa na sauti, wengine nilikuwa nimewapa hadi mwendo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mikono. Hakuna aliyeshika kitu, aliyefua, aliyepeta, aliyefunga khanga kwa vidole vyake. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemfichia mama mikono, kama nilivyomfanyia mbele ya mwalimu wa darasa, na kila nilipofika karibu nayo niliita bahari ije inisaidie.

Nasikia watu wakisema kwamba tafakuri humpa mwandishi mawazo. Mimi haikunipa wazo lolote. Ilinishika tu mahali ambapo siku zote nilikuwa nakimbia, na sikuwa na la kufanya ila kutazama.

Siku ya tatu tulisoma tulichoandika. Nilisoma kwa shida. Mzee wa Lindi alikuwa ameinamisha kichwa. Mwalimu hakunisifu wala hakunipa pole, aliniuliza swali moja: "Umeandika mikono ilivyokuwa siku ile. Una hakika uliitazama?"

Sikuwa na jibu. Jioni nikapanda daladala hadi mjini, nikaenda moja kwa moja Chikongola.

Mama alikuwa uani, kwenye kigoda kilekile au mwenzake. Debe lilishapoa, korosho ziko mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona jioni hii? Umekula?"

Nilimwambia nimeandika kitu kumhusu na ninataka nimsomee. Akapangusa mikono kwenye kitambaa, akainyoosha. "Lete nisome mwenyewe."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza bila sauti. Karatasi ilikuwa mbili, mbele na nyuma. Kidole kiliacha alama ya kahawia pembeni mwa kila aya. Alipofika mahali pa daftari la shule kidole kilisimama. Nikangoja. Kuku walikuwa wanapanda juu ya banda.

"Hapa umekosea," akasema.

"Wapi, mama?"

"Umeandika nilikuja na majivu mikononi. Sikuja na majivu, baba. Wewe usiku ule ulikuwa umelala. Nilisugua kwa ndimu na mchanga mpaka jogoo la kwanza, nikapaka mafuta ya nazi. Nilijua wenzako watakuwepo."

Nilitaka kusema kitu, sauti haikutoka. Akaniomba kalamu. Akaiweka karatasi juu ya paja, akakata neno "majivu" kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika, kwa zile herufi kubwa za ngumbaru zisizogusana, "ndimu na mafuta ya nazi". Akaisoma tena sentensi nzima kuona kama imekaa sawa. Kisha akanirudishia karatasi na kalamu, akaokota jiwe la pili lililokuwa kando ya kigoda, akanipa.

"Kaa hapo. Zimebaki nusu debe na giza linaingia."