Ile magazini yenye mama alifungia mu valizi

Wiki iliyopita nilienda ku Himbi, hapa Goma, kwa mama kutafuta cheti yangu ya kuzaliwa, munajua vile makaratasi za hapa ziko, kila ofisi inaomba orijinali, basi nikafungua ile valizi yake ya kahawia yenye kufuli ilikufa zamani, nikatoa biletini za shule, nikatoa kadi za chanjo za sisi wote wanne, nikatoa picha ya ndoa, na chini kabisa, ndani ya sashe ya bulu, nikaikuta. Magazini yetu. Cheti sikutafuta tena siku ile. Nilikaa chini kwa simenti nikaisoma paka mama akaniuliza kama niko mgonjwa.

Kwa wenye hawakukomaa na sisi nieleze kidogo. Ni magazini ya Ufaransa ya michezo ya video, toleo la Novemba 2000, jalada haiko, kurasa za kwanza haziko, na zile za nyuma zinashikwa na uzi wenye yaya, mkubwa wetu, alishona. Tulikuwa na moja tu. Watoto wa Paris walikuwa wananunua mpya kila mwezi na ile ya zamani wanatupa, sisi tulisoma toleo moja miaka minne, kwa hiyo mu nyumba yetu ilibaki Novemba 2000 muda mrefu sana.

Mjomba ndiye aliileta, Krismasi ya ule mwaka. Alikuwa anafanya kazi ku kontwari ya koltani, nyumba yenye inanunua ile mawe yenye kutoka tantali, kazi yake ni kupima mizigo, na msafiri mmoja aliyetoka Ulaya aliiacha kwa kiti, mjomba akaona picha za rangi akasema hii ni ya watoto. Mwenye alikuwa Goma ile wakati anakumbuka ile homa ya koltani, bei ya tantali ilipanda kama kichaa mwishoni mwa 2000, vijana wa kartie walikuwa wanaacha shule wanapanda Masisi na Walikale na chepeo, wanarudi na viatu vipya na redio kubwa, halafu 2001 bei ikaanguka na wengi walirudi mikono mitupu. Mi nilikuwa na miaka kumi, nilijua tu kwamba mjomba ananuka vumbi. Ni mu sekondari ndiyo nilijifunza kwamba ile tantali inatengenezewa kondensateri ndogo ndogo, za kushika umeme kidogo na kuuachia kwa wakati wake, na ziko ndani ya simu, ndani ya kompyuta, ndani ya konsoli, zile mashini za michezo ya video. Ile siku nilifikiri sana juu ya meza ya mjomba. Mzani upande huu, magazini upande ule. Ninafikiri bado.

Kurasa za kati zote ni za PlayStation 2 ya Sony, juu ilikuwa inaingia Ulaya tarehe 24 Novemba 2000. Picha yake imesimama wima, nyeusi, na pembeni maelezo: purosesa ya karibu megahetsi 294, memori ya megabaiti 32, inasoma DVD, na diski za PlayStation ya kwanza zinaingia pia. Na chini kwa herufi nono, 2990 F.

Sasa hapa nitawaambia kitu yenye ilituuma. Sisi tulidhani ni faranga za Kongo! Faranga yetu ilikuwa mpya bado, ilianza 1998 kuchukua nafasi ya zaire, na kwa akili ya mtoto 2990 F ilikuwa pesa yenye mtu anaweza kufikisha akiuza karanga na kubebea watu maji. Tulianza kuchanga kweli kweli, mu kopo ya maziwa, sisi wanne na watoto wawili wa jirani, na yaya akawa anaandika mu daftari nani ametoa ngapi. Tulichanga paka karibu Pasaka. Siku moja mjomba akaona daftari akauliza, tukamwonyesha ukurasa, akanyamaza kidogo, akatuambia polepole kwamba hiyo F ni ya Ufaransa, na akatuhesabia kwa dola. Mdogo wetu wa mwisho alilia. Mjomba hakucheka hata kidogo na ninamshukuru kwa hilo paka leo, aliongeza pesa yake ndani ya kopo, akasema nendeni mucheze kwa play yote.

Kwa play ni kile chumba cha mbao karibu na soko, televizio mbili, PlayStation ya kwanza mbili, gurupu ya umeme inanguruma nje, unalipa kwa mechi. Kulikuwa Tekken 3, ile ya kupigana, na mpira, basi. Wakubwa wote walikuwa wanachukua Eddy Gordo juu ukifinya vifungo vya teke ovyo ovyo anacheza kapoera mwenyewe, na kadogo kama mi ulikuwa unapigwa kwa nukta ishirini, unapisha mwingine, pesa imekwisha. Ni hapo ndiyo magazini ilikuwa bora. Mu magazini hakuna mtu anakunyang'anya manete, ile ya kushika mkononi yenye vifungo.

Kartie yetu, Murara, iligawanyika kama mashabiki wa mpira, kundi la Sony na kundi la Sega, na hakuna hata nyumba moja ilikuwa na moja ya hizo konsoli! Sisi nyumbani tulikuwa Sega, tulikuwa Dreamcast, konsoli ya Sega, na sababu ilikuwa ya wazi kabisa: PS2 ina matundu mawili ya manete, Dreamcast ina mane. Sisi tulikuwa wanne. Yaya alisema konsoli yenye inaacha watoto wawili pembeni siyo ya familia, na neno likaisha. Tena kadi yake ya memori ina kaskrini kake kadogo, unaweza kuitoa kwa manete ukatembea nayo mu mfuko, na ina modemu ya kuingilia intaneti ndani yake, mi sikujua intaneti ni nini lakini nilikuwa naitetea kwa nguvu zote.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast, na mwezi wa tatu ikaacha kweli. Hatukusikia. Nani angetuambia? Redio ilikuwa inasema vita. Nilikuja kujua 2005 mu sibakafe, kwa dakika zangu thelathini za kulipia, niliandika Dreamcast na kitu cha kwanza kilitokea ni kwamba ilikufa zamani. Nilihesabu miaka yenye tulikuwa tunaipigania barabarani na ilikuwa imekwisha kitambo. Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani na sikumwambia yaya siku ile, nilimwambia kesho yake.

Kuna ukurasa mmoja mdogo wetu alikuwa anaruka, alikuwa anafunga macho unapougeuza. Ni ule wa Zelda, Majora's Mask, ya Nintendo 64, ilitoka Ulaya tarehe 17 Novemba 2000. Ni hadithi ya mji wenye mwezi unauangukia, mwezi wenye uso na meno na macho ya hasira, na kuna siku tatu tu, ukishindwa unarudisha saa nyuma unaanza siku ya kwanza tena. Na watu wa mji, kuna wenye wanataka kukimbia na kuna wenye wanabishana, wanasema mwezi haujaanguka hata siku moja, tuendelee kutengeneza sikukuu. Yaya alikuwa anatutafsiria hiyo yote kutoka kifaransa usiku na taa ya petroli, na nje, kwa dirisha, Nyiragongo, mlima wetu wa moto, imesimama mu giza kama kila usiku. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa ule mchezo.

Basi mwanzo wa Januari 2002 sisi na yaya tukagombana juu ya magazini paka ukurasa mmoja ukachanika, ule wa maelezo ya Shenmue, na mama akachoka. Akaichukua, akaitia mu sashe, akaifungia mu valizi ya makaratasi, akasema mutaiona Pasaka. Tuliomba, tulifagia uwanja, tulichota maji bila kutumwa, alikataa.

Tarehe 17 Januari, siku ya Alhamisi, mlima ukapasuka. Matetemeko, moshi, watu wanapita na magodoro kwa kichwa, chikudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimejaa frigo na kuku na vikongwe, na mchana lava ikaingia mjini yenyewe, polepole, na harufu yake. Mdogo wetu alishika sketi ya mama akauliza, mama, ni ule mwezi? Mama hakujua anasema nini. Mama alishika vitu vitatu: mtoto, sufuria, na valizi ya makaratasi, juu ndani kuna biletini na mtu bila biletini atarudia darasa. Tukaenda na watu wote kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Nyumba ya Murara iliungua na kila kitu, vitanda, masini ya kushona ya nyanya, kopo la maziwa. Kesho yake, kwa uwanja wa watu wenye walitupokea, mama akafungua valizi kuangalia kama makaratasi hayakulowa, na yaya akaona kona ya sashe ya bulu.

Mama aliitoa mwenyewe. Alimpatia yaya bila kusema neno, na ile haikuwa Pasaka.

Sasa Shenmue. Nimeuacha mwisho kwa makusudi, juu ni ukurasa wenye nilisoma kuliko vyote na hadi leo mkono wangu unauendea wenyewe. Mchezo wa Yu Suzuki, wa Dreamcast, ulikuwa unaingia Ulaya tarehe 1 Desemba 2000. Kijana anaitwa Ryo Hazuki, anaishi Yokosuka ku Japani, mwaka 1986, theluji inaanguka, na mbele ya macho yake mtu anaitwa Lan Di anamuua baba yake. Tungetegemea basi ni kupigana tu. Lakini magazini ilikuwa inaeleza mambo mengine kabisa: kwamba unaweza kununua kinywaji kwa mashini ya barabarani, unaweza kuingia chumba cha michezo ukacheza Hang-On, watu wa mtaa wana saa zao za kufungua butike na kurudi nyumbani, kuna siku ya mvua na siku ya jua, na mu nyumba ya Ryo unaweza kufungua droo. Droo yoyote! Kulikuwa picha ndogo, mkono wa Ryo uko kwa droo ya meza, droo haijafunguka yote, na huoni kilicho ndani.

Tulirudi Goma, tukajenga kanyumba ka mbao juu ya mawe yenyewe, mawe yalikuwa na joto bado chini ya miguu wiki nyingi, na mu kale kanyumba hakukuwa na droo hata moja juu hakukuwa na meza. Usiku yaya alikuwa anauliza, leo tunafungua nini? Tunasema droo. Anasema haya, ndani muna nini? Na kila mtu anasema chake. Mdogo wetu kila siku alikuwa anaweka kopo la maziwa. Mi niliweka kila kitu, masini ya nyanya, viatu vyangu vya shule, siku moja niliweka Dreamcast nzima na manete mane. Miaka miwili tulicheza hivyo, na mi ninasema bila kuzunguka kwamba hakuna mchezo nimecheza sana kuliko ule, hata sasa vile niko na konsoli yangu na umeme ukikuwepo.

Yaya anaishi Kampala siku hizi, ana watoto watatu. Shenmue ilitolewa upya 2018 kwa PS4 na kompyuta, na mi niliinunua 2019 nikaiweka bila kuifungua. Nilikuwa naogopa kidogo, sijui hata nieleze vipi. Juzi, nimetoka kwa mama na magazini mu mkoba, nikarudi kwangu, umeme ulikuwepo, nikawasha. Nikapita mwanzo wote, theluji, baba, nikasubiri paka Ryo akaamka mu chumba chake. Nikampigia yaya video kwa WhatsApp, nikageuza simu iangalie televizio, sikusema kitu. Akanyamaza. Halafu nikamsikia anaita watoto wake kwa sauti, kujeni, kujeni haraka, na akaniambia nisogee kwa meza.

Nikasogea. Nikafinya kifungo, mkono wa Ryo ukaenda.

"Ngoja kwanza," yaya akasema. "Kila mtu aseme ndani muna nini."