Siku Moja Nikipima Maji, Shela hadi Kwasasi

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeshasali, na kabla ya chai natumbukiza kijiti cha mashine katika maji ya kipimo ambayo pH yake, yaani kipimo cha uasidi, yajulikana: 4, kisha 7. Ikikosea hapa, kila nambari ya leo ni ya kutupa.

Saa kumi na mbili na nusu nashika njia ya ufukweni kwenda Shela, kama kilomita 3, kabla bahari haijajaa. Mji wa Amu, yaani Lamu, wanywa kutoka vilima vile vya mchanga. Mvua huzama, maji matamu hukaa juu ya yale ya chumvi kwa kuwa ni mepesi, na yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Nateremsha utepe kisimani kupima kina, halafu chumvi, halafu uasidi. Mzee mwenye kisima ananisubiri kama kawaida.

"Sabalkheri, mwanangu. Maji haya twayanywa tangu enzi za babu. Wapima nini kila mwezi?"

"Napima yalivyo leo, Ami, ili yakiharibika tuwe na la kuonyesha."

Saa tatu, boti hadi Mokowe, kisha bodaboda kupitia Hindi hadi Kwasasi. Hapa ndipo kilipotakiwa kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likaifuta, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Watu huniuliza, basi mbona bado waenda?

Naenda kwa sababu ya Carolina. Ni mji mdogo wa Mpumalanga, Afrika Kusini, katika nchi ya migodi ya makaa. Nilifika mkoa ule kwa mafunzo, nikaona kijito cha rangi ya chungwa, mawe yake yamevaa kutu. Makaa na miamba yake huwa na pairaiti, yaani chuma na salfa. Ikiwa chini imetulia. Ukiichimbua ikakutana na hewa na maji, huzaa asidi, na asidi hiyo huyeyusha chuma, manganizi na alumini. Mapema 2012 mvua kubwa iliyasukuma maji ya namna hiyo hadi bwawa la Carolina. Wakazi walikaa miezi wakingoja malori ya maji. Julai mahakama iliamuru wapewe maji safi ndani ya saa 72.

Mgodi unaofuata sheria huyazungusha maji safi ya mvua yasipite machimboni, huyakusanya machafu katika mabwawa yaliyotandikwa chini yasivuje, huyatia chokaa kupunguza asidi (jamaa ya hii tunayoipata Amu kwa kuchoma mawe ya matumbawe), kisha hupima mtoni juu ya mgodi na chini yake. Hapa Kenya, kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji taka yanayomwagwa kwingine kusiko baharini yawe kati ya pH 6.5 na 8.5, na chembe zinazoelea zisizidi miligramu 30 kwa lita. Kanuni nzuri. Lakini uwe mgodi au kituo cha makaa, kama hakuna aliyepima kabla, mwenye mradi atasema maji yalikuwa hivyo tangu zamani, nawe utamjibu kwa ushahidi gani?

Saa nane najaza chupa. Ile ya kupimia metali naitia matone ya asidi ya nitriki ili metali zisigande kwenye kuta za chupa, kisha zote katika sanduku la barafu, safari ya maabara Mombasa.

Saa kumi na nusu, uwanja wa Mkunguni mjini Amu, nimekaa na vijana. Binti mmoja akauliza: mgodi ukishafungwa, nani apima? Swali hilo limenikaa moyoni. Asidi haijui kwamba mgodi umefungwa. Hutiririka miongo na miongo, na kwa wakati huo kampuni huenda imeshahama. Nikamwambia fedha za kazi hiyo ziwekwe kando kabla jembe la kwanza halijapiga ardhi.

Saa mbili usiku naandika daftari. Kuna mwezi mmoja mtupu, nauli ya boti ilipokosekana, na kila nikifungua ukurasa ule naumia. Hakuna namna ya kurudi kuyapima maji ya mwezi uliopita.

Simu inalia. Ni Ami wa Shela, ataka nambari za kisima chake. Nimemsomea mara mbili, polepole, aziandike.