Hajazoea nini?

Sare za kwaya zimekwisha. Vimebaki vifungo vya mikono kwa kina baba, na pindo la gauni langu mimi mwenyewe, na hilo pindo ndilo limenishinda. Nikikaa kwenye cherehani nalishona nusu naliacha, maana nikilishika tu yale maneno yanarudi.

Ilikuwa Jumanne baada ya mazoezi. Watu wanatoka, mimi nimebaki nampima yule binti wa sauti ya kwanza mabega, pini ziko mdomoni. Mwalimu akaja akasimama pembeni yangu.

"Dada, Jumapili nitakuomba ushike kayamba."

Nikatoa pini. "Kwa wimbo upi, mwalimu?"

"Zote."

Nikanyamaza. Akaona nimenyamaza.

"Si kwa ubaya. Unajua askofu hajazoea."

"Sawa, mwalimu."

Akaenda zake kufunga kinanda.

Hajazoea nini? Hajazoea mwanamke kusimama safu ya tenor, ile sauti ya wanaume? Mbona nimesimama pale tangu kwaya iko chini ya mwembe, na misa za maziko naitwa mimi nianzishe. Hajazoea sauti nzito kutoka ndani ya gauni? Au ni mwalimu ndiye hajazoea, na askofu amesingiziwa tu? Nimemjibu kitandani kwa upole, nimemjibu kwa ukali, nimemjibu jikoni huku sima inaungua. Wiki imepita na makubwa yake, Zawadi wetu kajifungua salama mtoto wa kike, kodi ya kibanda imepanda, na mimi bado niko pale na pini mdomoni, nasikia "Zote."

Alhamisi usiku nikaitoa santuri ya marehemu baba. Ndiyo ile iliyonusurika mafuriko. Ni ya Usha Uthup, mwimbaji wa India, iliyorekodiwa mbele ya watu Nairobi, akipigiwa na bendi ya hapo hapo iliyoitwa Fellini Five. Cha kuichezea hatuna tena, kwa hiyo nikamtafuta kwenye simu, nikavaa visikilizio, na nilipotazama saa adhana ya alfajiri ilikuwa inakaribia.

Baba alikuwa akituambia huyu mama alikuja Kenya kuimba kwenye tamasha la Kihindi, watu wakampenda, akaongeza muda wa kukaa. Aliimba Malaika pamoja na Fadhili William, akaimba na nyimbo za kizalendo kwa Kiswahili, hadi Mzee Jomo Kenyatta akampa uraia wa heshima. Nilipokuwa mdogo nilishika hapo tu, pa Kenyatta. Yaliyotangulia nimeyajua ukubwani.

Alizaliwa Bombay mwaka 1947, baba yake ofisa wa polisi. Akiwa na miaka tisa alishaimba Radio Ceylon, redio ya Sri Lanka ya leo. Lakini shuleni, kwa masista, mwalimu wa muziki alimtoa darasani kwa sababu sauti yake haikuingia mahali. Haikukaa na wenzake. Mwalimu huyo alijua kuwa mtoto ana muziki ndani yake, basi akampa vibao vya kugonga, au ile pembetatu ya chuma, agonge huku wenzake wanaimba.

Niliposoma hapo nilisimamisha simu. Vibao! Mimi kayamba.

Sasa nisikilizeni huyo mgonga vibao alikwenda wapi. Mwishoni mwa miaka ya sitini alipanda jukwaani kwenye kilabu kidogo cha Madras, kiitwacho Nine Gems. Waimbaji wa vilabu siku hizo walivaa magauni ya Kizungu. Yeye alitokea na sari. Mwenye kilabu alipomsikia akamwomba abaki wiki nzima. Mwaka 1969 akaingia kilabu cha Trincas, mtaa wa Park Street, Calcutta, na hapo ndipo alipokutana na mume wake. Kisha Talk of the Town kule Bombay, kisha hoteli ya Oberoi mjini Delhi, ambako watu wa filamu waliokuja kustarehe walimsikia wakamchukua akaimbe kwenye picha zao. Yaani sinema ndiyo iliyomfuata jukwaani.

Miaka ya themanini waziri mmoja wa jimbo la West Bengal, lenye mji wa Calcutta, alisema muziki wake unaharibu utamaduni, akamfungia kumbi za serikali. Akaenda mahakamani, akashinda. Mwaka 2024 serikali ya India ikampa nishani ya Padma Bhushan, juu ya ile ya Padma Shri ya 2011. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli kabisa, ila mimi ningempa nishani kwa ule usiku wa kwanza wa Madras, aliposimama na nguo ya nyumbani kwao akafungua mdomo bila kuipunguza sauti.

Na sari zenyewe! Fundi hawezi kupita hapo. Ni hariri ya Kanjivaram, nzito, pindo pana la nyuzi za dhahabu, na juu ya bega mikunjo imebanwa sawasawa hata akicheza haitoki. Nilirudisha video nyuma nikitafuta pini iko wapi, sikuiona. Mikono imejaa bangili, maua kichwani, na kwenye paji la uso ile bindi kubwa, alama ya urembo ya Kihindi, yenye herufi ya Kibengali, ka, ya Kolkata, yaani Calcutta. Umri umeshapita sabini na bado anawanyanyua watu vitini. Ile sauti inatoka chini, inatoka tumboni, na ukumbi mzima unaipokea.

Nikaimba naye. Polepole kwanza, kwa kuwa Mama amelala, halafu nikasahau. Jirani akagonga ukuta, nikadhani anakemea. Kumbe anauliza kama najua ubeti wa pili. Tukauimba pande mbili za ukuta.

Pindo nimelimaliza leo asubuhi, kwa mkono, ushoni usioonekana. Jumamosi kabla ya mazoezi nitamwendea mwalimu mapema, akiwa peke yake, nimuulize hajazoea nini. Akinipa jibu la maana nitashika kayamba kwa moyo mweupe, nalipenda kayamba. Asipokuwa nalo, nitasimama safu yangu.

Jambo jingine. Nilipokuwa napanga kabati nimekuta pakiti ya dawa za presha za Mama, na vidonge vilivyomo ni vingi kuliko vinavyotakiwa kuwa vimebaki. Nimemuuliza, akasema anakunywa "akijisikia." Zawadi ndiye ambaye Mama humsikiliza kwa mambo ya hospitali na sasa yuko kitandani na kichanga. Presha ya Mama alipopimwa mara ya mwisho ilikuwa juu, na kliniki ni hadi tarehe kumi na nane. Leo hakumaliza chai.